Majivu ya Maharage Ndani ya Kompyuta

Wazee wangu, shikamooni. Wa kigangoni, tumsifu Yesu Kristo. Wa msikitini, asalamu aleikum. Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na wanaonijua wanajua nitaongeza tano bila kuomba.

Mimi ni mfanyabiashara wa mbegu za maharage. Nakusanya kwa wakulima wa Keza, na dada yangu anakusanya upande wa Biharamulo, kule Runazi na Nyantakara. Sasa, mbegu siyo maharage ya kupika. Mbegu ina historia yake: imetoka shamba la nani, mbegu mama ilitoka wapi, shamba lilikaguliwa lini, lilikuwa na ugonjwa au halikuwa nao. Historia ikipotea, hata punje ziwe zinang'aa namna gani, mkaguzi atakwambia ukapike.

Historia zote hizo zilikuwa kwenye kompyuta yangu moja. Ndugu zangu, nawaambia, niliringa nayo. Mgeni akifika nyumbani alioneshwa kompyuta kwanza, chakula baadaye. Mke wangu yupo hapa, anacheka kwa sababu anakumbuka.

Dada yangu alinionya mapema. Alikuwa amesikia habari za kampuni moja ya Mwanza inayotunza kumbukumbu za biashara mtandaoni, ile huduma wanayoiita wingu. Akanieleza kwamba hawatunzi tu, wanasimamia kila kitu wenyewe: nakala wanatoa wao, ulinzi wanaweka wao, kikiharibika wanatengeneza wao, na yeye akiwa Nyantakara ataandika kwa simu nami nione hapa Ngara. Nikamjibu, "Mali ya Ngara ikalale Mwanza kwa watu nisiowajua hata kwao?" Akaacha kunishawishi. Ananijua nikishaamua.

Mimi nilikuwa na ulinzi wangu. Nyumbani kuna chumba kimoja chenye mlango wa chuma na dirisha la nondo, ndimo tunamoweka mavuno. Nikaona kitu cha thamani kikae na vitu vya thamani, basi kompyuta nikaiweka humo katikati ya magunia. Na nakala nilikuwa nayo, msinidharau! Ilikuwa kwenye flashi, na ile flashi ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo ili isipotee.

Msimu mmoja wadudu wakaingia kwenye maharage ya nyumbani. Mnajua tunavyofanya. Nikachukua majivu makavu na dawa ya unga, nikamwaga sakafuni, nikaanza kuchanganya na maharage kwa beleshi. Mlango nilikuwa nimeufunga upepo usipeperushe dawa. Kompyuta ilikuwa inawaka maana nilikuwa nachapa lebo za mifuko, mkaguzi alikuwa anakuja wiki ile. Mimi nilijifunga kitambaa puani. Kompyuta sikuifunga kitu, na feni yake ilikuwa inavuta hewa muda wote huo. Kikasikika kishindo kidogo, kikafuata harufu ya waya kuungua, kisha kioo kikawa cheusi.

Fundi alipoifungua, majivu yalimwagika mezani. Akaniuliza, "Mzee, hii ni kompyuta au ni jiko?" Diski ilikuwa imeungua, na flashi nayo ilikuwa imeungua.

Nilikaa siku mbili nikifikiria kujaza karatasi za mkaguzi kwa kubuni historia. Naungama mbele yenu. Nani angejua? Lakini mkulima akipanda mbegu ya uongo, njaa atakayopata siyo ya uongo. Basi nikapanda pikipiki hadi Keza, nikaanza na mama mmoja mzee, mkulima wangu wa kwanza kabisa, nikamwambia ukweli wote.

Hakunilaumu. Alipiga simu kwa binti zake watatu walioolewa vijiji vya jirani, na kila mmoja akaleta kibuyu. Ndani ya kila kibuyu kulikuwa na mbegu za kila msimu, zimefungwa kwenye vitambaa, na karatasi ya shule imeandikwa shamba gani na mwaka gani. Nikamuuliza kwa nini hazikai kwake. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza maji yanatoka wapi.

"Nyumba ikiungua, nitapanda nini?"

Ndugu zangu, pale nilisikia aibu mpaka masikioni. Mama yule hajawahi kugusa kompyuta, lakini alijua kutunza kumbukumbu kuliko mimi. Nilimpigia dada yangu nikiwa bado uani kwake, nikamwomba radhi, nikamwambia awatafute wale watu wa Mwanza.

Tulizunguka shamba kwa shamba. Wengine walikuwa na lebo za zamani, wengine vikaratasi vya mkaguzi vilivyochomekwa darini. Mkaguzi, Mungu ambariki, alikubali kurudi mara ya pili. Wengi walipita. Wakulima wanne hawakupita kwa sababu ushahidi wao ulikuwa kwangu tu, na maharage yao ya mbegu yaliishia sokoni kama mboga. Wanne hao sijawasahau.

Leo historia zetu zote ziko kwenye wingu, na nakala zake haziko mahali pamoja. Msimu uliopita simu ya dada yangu ilitumbukia mtoni akivuka kwenda Runazi. Kesho yake alinunua nyingine, akaingiza neno lake la siri, akakuta kila shamba lipo na akaendelea na kazi. Mtandao ukikatika, simu inashika tulichoandika na kukituma ukirudi. Sijaajiri fundi, na zile programu zinasasishwa mimi nikiwa shambani. Nalipia kila mwezi, ndiyo, siwezi kuwadanganya kwamba ni bure. Na kabla ya kusaini niliuliza kama siku nikitaka kuondoka nitaondoka na kumbukumbu zangu. Ulizeni hivyo na ninyi, na waandike.

Namshukuru mke wangu aliyenivumilia na kiburi changu. Dada yangu, uliyesema kweli wala hukunisema baadaye, asante. Mama wa Keza na binti zako, asanteni. Ninyi mnaotunza daftari moja kwenye sanduku moja na ufunguo mmoja shingoni, nawaomba mkafikirie tena leo mkifika nyumbani.

Na wale wanne, nimewaona mmekaa nyuma pale. Msimu huu wote mmepita. Juzi nilimfuata mmoja wenu, mzee asiyejua kusoma, nikamfungulia simu nikamsomea: jina lake, shamba lake, mbegu mama ilikotoka, tarehe ya ukaguzi, imepita. Akavua kofia, akaniambia, "Soma tena." Nikasoma tena.