Bi Hadubini Anaondoka, Mjomba Bado Anaumwa

Leo Ijumaa, tarehe thelathini mwezi wa sita, Bi Hadubini anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwatibu samaki wa maji chumvi katika Jumba letu la Samaki. Kadi yake ya mlangoni itakoma kufanya kazi saa kumi na moja jioni. Mkurugenzi aliniomba niandike ukurasa mmoja wa kumuaga, uwe mfupi, uwe mchangamfu, na usigusie yaliyotokea mwezi huu. Mimi ni fundi wa pampu, kuandika si fani yangu, kwa hiyo nikiteleza kwenye hilo la mwisho mtanisamehe.

Jina la Hadubini alipewa na wenzake siku aliyoripoti kazini. Alikuja na cheti chake cha tiba ya samaki na hadubini yake mwenyewe aliyoizungushia taulo, akaitua mezani, akaipangusa, ndipo akageuka kusalimia watu. Hakuwa mpole, na sitamsingizia upole leo eti kwa sababu anaondoka. Ukiingia chumba cha karantini alikutazama mikono kwanza, kama ni mikavu, halafu ndiyo salamu.

Kwa wageni mlioalikwa, karantini ni kile chumba cha nyuma kinachonuka chumvi na dawa. Kila samaki mgeni hukaa humo wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Hakina taa za rangi na hakuna anayepiga picha humo. Kila tangi lina wavu wake, ndoo yake na taulo yake, kwa sababu wavu mbichi ukitoka tangi hili kuingia lile, vimelea navyo vimepanda humohumo, bila nauli.

Wiki yangu ya kwanza nilimwona kitatange mmoja akijisugua ubavu kwenye jiwe, nikawaita wenzangu waje kumwona samaki anayecheza. Bi Hadubini alikuja mbio, akaniuliza kama mimi nikiwashwa mgongo na kujikuna kwenye fremu ya mlango huwa nacheza. Akamtia yule samaki kwenye beseni la maji yasiyo na chumvi, yenye joto lilelile la tangi. Haukupita muda, vitu vyembamba vyeupe vikaanza kudondoka kama mba. Minyoo! Ilikuwa imemng'ang'ania ngozini siku zote hizo, ila kwenye maji chumvi huwa haina rangi, huioni. Nilishinda nikijikuna kichwa siku nzima.

Alitufundisha kutofautisha magonjwa kwa macho. Doa jeupe lililotuna kama punje ya chumvi ni ugonjwa mmoja. Vumbi laini la dhahabu, ambalo halionekani mpaka uzime taa na kummulika samaki kwa tochi kutoka ubavuni, ni ugonjwa mwingine, na huo hauna subira kabisa. Samaki anayehema harakaharaka karibu na bomba la hewa, kamtazame mashavu. Kisha alikuwa anakwangua ute kidogo, anaupaka kwenye kioo na kuinamia hadubini. Sisi tulisimama nyuma yake kama ndugu wa mgonjwa kwenye korido ya hospitali. Akiguna tu, tulijua wiki hiyo hakuna mapumziko.

Msidhani hakuwahi kuharibu. Mwaka wake wa pili alichukua ndoo iliyokuwa na dawa ya shaba, akaisuuza juujuu, akaitumia kuongezea maji tangi la kamba na matumbawe. Shaba humtibu samaki, lakini kwa kamba ni sumu. Walikufa wote. Mmoja alimhifadhi kwenye chupa ya jemu, akaiweka rafu ya juu, na kila mfanyakazi mpya alioneshwa chupa ile kabla ya kuoneshwa choo kilipo. Ndiyo maana ndoo za dawa zina mkanda mwekundu, na ole wako akukute unadekia mojawapo.

Nyumbani nako hawakupona. Shemeji yetu, mume wake, ni fundi cherehani. Aliwahi kutulalamikia kwamba mkewe akirudi kazini humkagua shingo kwa tochi kabla ya kuuliza kilichopikwa. Akaona bora amshonee koti la kazi lenye mfuko wa ndani wa kuwekea hiyo tochi, labda itabaki kazini. Haikubaki.

Halafu kuna Mjomba. Ni chewa, mkubwa kama mtoto wa shule, mdomo umenuna muda wote kama anadai kitu. Aliletwa akitosha kwenye kiganja, mwaka uleule aliofika Bi Hadubini, na ndiye samaki wa kwanza aliyekaa karantini chini yake na kutoka mzima. Watoto waliokuwa wakigandamiza pua kwenye kioo kumtazama leo wanaleta watoto wao. Bi Hadubini akipita mbele ya tangi kuu, Mjomba humsindikiza kutoka kona hadi kona. Sisi wengine hutugeuzia mkia.

Hapa ndipo nilipoambiwa niruke. Siruki.

Mwanzoni mwa mwezi huu Bi Hadubini alitakiwa kumalizia siku zake za likizo. Mkurugenzi wetu, ambaye kabla ya kuja hapa alikuwa anaendesha kumbi za sherehe, ni mtu wa roho nzuri, nasema hivyo bila kejeli. Akataka kumwandalia jambo la kumfurahisha bila yeye kujua. Akaagiza kundi zima la samaki wa manjano na buluu, wazuri jamani, hata mimi nilisimama kuwatazama, akaamuru wamwagwe moja kwa moja kwenye tangi kuu. Juu ya kioo akafunga utepe ulioandikwa Asante Bi Hadubini. Tulipouliza kuhusu karantini, alisema zawadi haiwekwi stoo.

Mtu ametumia umri wake kuzuia samaki asiyekaguliwa asitie pezi kwenye tangi lile. Anaagwa kwa nini? Kwa samaki wasiokaguliwa, kwenye tangi lilelile, na utepe juu.

Siku aliyorudi tulijipanga kumpigia makofi. Utepe hakuutazama. Alimtazama samaki mmoja wa manjano ambaye alitikisa kichwa, akajibana kwenye mwamba, akajisugua. Makofi yakatufia mikononi. Aliuliza swali moja, nani kawatia hawa humu, na sote tukageuza macho kwa Mkurugenzi, ambaye maskini alikuwa bado anatabasamu.

Madoa yakatokea. Wa zawadi ndio waliotangulia, wakafuata vitatange, kisha wale samaki vipepeo wa mistari ambao Bi Hadubini mwenyewe aliwalea. Tuliwaopoa kwa ndoo. Wageni waliambiwa tangi liko kwenye matengenezo. Tuliofanikiwa kuwatoa wakiwa hai ni wachache, na Mjomba, ambaye tulimbeba watu wanne kwenye turubai huku akipiga mkia kama anatufukuza kwake. Alinivunjia miwani. Akaingia karantini, kwenye maji yenye shaba, na tangu hapo Bi Hadubini anayapima maji yale asubuhi na jioni, kwa sababu dawa ikizidi inamuua Mjomba, ikipungua inawaacha wadudu.

Juzi madoa yaliisha. Ngozi safi, na hamu ya kula imerudi. Mkurugenzi alifurahi sana, akaagiza Mjomba arudishwe tangi kuu ili leo mpate kupiga naye picha. Bi Hadubini alikataa. Alimweleza taratibu, nikiwa nimesimama pale na bisibisi mkononi, kwamba doa likiondoka si dalili ya kupona. Ni mdudu ameshiba. Anajiachia, anazama chini ya tangi, anajifungia kwenye ganda, anajigawa kuwa mamia, halafu watoto wake wanatoka kuogelea wakitafuta samaki. Ni hapo tu wanapoogelea ndipo dawa inawapata. Mjomba anahitaji wiki nne zaidi kwenye dawa, na tangi kuu likae bila samaki hata mmoja, mpaka wadudu waliobaki humo wafe njaa.

Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho. Akasema ameelewa, na kwa heshima yake, hatutagombana siku ya sherehe. Mjomba atarudishwa Jumatatu. Jumatatu, yaani Bi Hadubini akiwa hana kadi. Na karantini imeshapimwa kwa futi, itakuwa duka la fulana na vikombe.

Nina hasira, na sioni aibu kuisema mbele ya wageni. Mjomba akirudishwa Jumatatu atakufa, na atakufa baada ya ngozi yake kuonekana safi, na kila mmoja atasema jamani, si alikuwa amepona? Tangu juzi namwona Mkurugenzi anatembea kwa furaha hapa ndani, na najua anachofikiria. Mgomvi anaondoka, kwa hiyo ugomvi umeisha. Hilo nalo ni doa lililodondoka.

Tangi kuu halina samaki, ndiyo maana nyuma ya meza kuu hamlioni. Mnaona bango kubwa lenye picha ya Bi Hadubini akicheka. Kazini hatujawahi kumwona akicheka hivyo. Picha hiyo imekatwa kutoka kwenye picha za harusi ya binti yake, na mkono ule ulioachwa begani mwake ni wa shemeji. Nyuma ya bango kuna mawe, kuna maji, na kuna wadudu wasiohesabika wanaosubiri Jumatatu.

Kiti chake cha mbele mnakiona kitupu. Hajachelewa, na wala hajasusa. Yuko chumba cha nyuma, na koti lake la kazi, anapima shaba ya jioni. Shemeji yumo humu ukumbini, amevaa suti aliyojishonea kwa ajili ya siku hii, na amemwekea mkewe maua kwenye kiti. Akiona hotuba zinaanza ataelewa. Amezoea.

Toleo la karatasi hii lililopitishwa na ofisi, lile lenye maua pembeni, liko kwenye boksi chini ya meza ya mapokezi. Hili mlilo nalo mkononi nimelichapisha mwenyewe.

Bi Hadubini, dada yetu, asante. Asante kwa kunifokea mpaka nikajifunza kukausha mikono. Asante kwa chupa ya jemu, na kwa kila samaki ambaye watu walimwona mzima wasijue ni wewe. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na siku nyingi za kukaa na shemeji bila kumulika shingo yake. Ila mapumziko hayo, kwa hisani yako, yaanze baada ya wiki nne.

Wale wanne tuliombeba Mjomba tumeshazungumza. Jumatatu sote migongo itatuuma, na turubai halijulikani lilipo. Atakayetaka kumhamisha itabidi ambebe mwenyewe, na nimeshaeleza habari za miwani yangu. Tena ule mlango mdogo wa pampu, unaotokea karantini, ni wa zamani, haujawahi kutumia kadi. Ufunguo wake ninao mimi peke yangu, na leo asubuhi nimeupoteza. Nimeutafuta kila mahali, dada, isipokuwa kwenye mfuko wa tochi wa koti lako.