Wenceslaus Ngollo, Aliyepima Tuta la Isungula

Mapadre, masista, wazee, majirani na nyote mliofika hapa Cheyo kumsindikiza ndugu yetu, familia inaomba mtutegee sikio kwa muda mfupi, msikie maisha ya Wenceslaus Ngollo yalivyokuwa, pamoja na yale ambayo kwa hofu hakumsimulia mtu isipokuwa mkewe.

Marehemu alizaliwa Puge tarehe 3 Machi 1912, mtoto wa nne wa mzee Ngollo, aliyekuwa mpagazi wa misafara ya pwani kabla ya reli, na mama Mwanamkuu, akabatizwa mwaka 1921, akasoma shule ya misheni Ndala hadi 1927, kisha hapa Tabora hadi 1930. Tarehe 1 Februari 1931 aliajiriwa na serikali kushika kamba ya wapimaji ardhi, na mwaka 1944 akapandishwa kuwa karani na mkalimani wa ofisi ya madini. Alifunga ndoa na Apolinaria tarehe 18 Julai 1936, wakajaliwa watoto watano, walio hai ni Koleta, Sylvester na Josepha.

Ndugu zetu, marehemu alikuwa mwoga, na alilisema mwenyewe bila haya, aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa sauti ya mkubwa wake wa kazi. Mtu huyo ndiye aliyepelekwa Isungula.

Mwezi Septemba 1953, mgodi wa dhahabu wa Isungula, kaskazini ya Puge, uliomba kibali cha kuchimba zaidi, ukaleta ofisini mpango ulioonyesha jinsi maji machafu yatakavyozuiwa kwa tuta, na jinsi mashimo matano ya zamani yatakavyofukiwa ili watu warudi kulima. Mkaguzi Mwingereza alitumwa kuuhakiki mpango huo, marehemu akifuatana naye, lakini siku ya pili mkaguzi alishikwa na homa, akarudishwa Tabora kwa lori, akamwachia marehemu kazi yote ya kupima. Kwenye karatasi tuta lilikuwa la mawe na udongo wa mfinyanzi, lakini marehemu alipochomeka fimbo yake ilizama karibu yote, mchanga mtupu, na nyuma ya mchanga huo lilikuwapo bwawa la maji yenye dawa ya kusafishia dhahabu, na mteremko wote ukielekea kwenye visima vya kijiji.

Pale kisimani alimkuta mjane, Bi Batuli, aliyemwambia, "Ng'ombe wangu watatu walikunywa kwenye kile kidimbwi chini ya tuta, hawakufika nyumbani. Sasa niambie, baba, mvua zikija tunywe nini?" Kabla jua halijazama, Lukumani, mnyapara wa mgodi, alimfuata kambini, akaketi bila kukaribishwa, akasema kwa upole, "Karani, wewe ni mtu wa hapa hapa. Mzungu ataondoka na meli yake, wewe utabaki njiani na baiskeli yako." Mama Apolinaria anasema tangu safari ile mumewe hakupanda tena baiskeli, aliiegemeza ukutani mpaka ikashika kutu, na kila mara alipotembea aligeuka kutazama nyuma.

Hata hivyo aliandika. Jumatatu tarehe 9 Novemba aliitwa bomani kuvisoma vipimo vyake mbele ya mkaguzi, aliyekwisha kupona, na meneja wa mgodi, na meneja alipouliza kama karani huyu ana hakika, akajibu, "Nimepima mara tatu, bwana, kwa sababu nilitamani niwe nimekosea." Mpango ukakataliwa, mgodi ukaamriwa kulijenga tuta upya na kuchimba mfereji wa kuyageuza maji, na watu waliokaa chini ya mteremko wakahamishiwa mlimani, wakachimba visima vipya.

Mgodi ulikuwa ungali unasomba mawe tarehe 2 Desemba mvua iliponyesha tangu alfajiri, na adhuhuri tuta likapasuka, maji ya kijivu yakavifunika visima vya zamani na nyumba tisa zilizokuwa zimehamwa wiki iliyotangulia, mojawapo ya Bi Batuli. Hakufa mtu. Habari ilipomfikia marehemu hakushangilia, aliketi sakafuni ofisini hadi jioni.

Hofu haikumwacha. Kwa miaka iliyofuata alikwenda Isungula kila kiangazi kukagua ufukiaji wa mashimo, akibadili njia kila safari, akimuaga mkewe kana kwamba harudi, lakini hakukosa hata mara moja.

Januari mwaka huu alianza kukohoa na kuumwa kifua, akalazwa mara mbili, akafariki dunia jana, Jumatatu tarehe 14 Oktoba 1957, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitano. Neno lake la mwisho kwa Sylvester halikuhusu nyumba wala shamba, alimwambia, "Mashimo mawili bado yako wazi. Mvua ni mwezi ujao."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Cheyo waliotupikia na kukesha nasi, na wenzake wa ofisini waliotengeneza jeneza, tena inawaomba hao wa ofisini wasiliache faili la Isungula mezani.

Lala sasa, Wenceslaus, Mungu akupe amani ambayo hapa hukuipata.