Taa ya Doña Casilda

Asubuhi ile benchi la nje ya saluni ya Chencho, mtaa wa La Huaca, bandari ya Veracruz, lilikuwa na wenyewe: Chencho kinyozi, Nabor waliyembandika jina la Askofu kwa kujifanya anajua kila kitu, na Eleuterio fundi viatu, mgane, ambaye siku hizi kahawa yake ilikuwa inapoa mkononi. Redioni alikuwa anaimba Aurelio Santibáñez. Mzee ana miaka themanini na moja, na bado anaimba mapenzi.

— Sikia pumzi hiyo, Chencho alisema. Sisi ngazi tatu tu, tunahema.

— Supu ya samaki ile, Askofu akasema. Kila alfajiri, pilipili tele.

— Supu wapi, Chencho akasema. Ni talaka. Kila akiachwa anatoa albamu.

— Ingekuwa hivyo, wewe ungekuwa na albamu kumi.

— Mimi sikuachwa, niliondoka.

— Haya, niwape ukweli, Askofu akasema. Santibáñez alishakufa zamani. Huyo ni mdogo wake.

— Koma, Askofu, Eleuterio alisema taratibu. Mimi nilimpata marehemu mke wangu kwa wimbo huohuo. Mwanangu akampata mkewe kwa huohuo. Mtu mwenyewe hata hatujui sisi, hajawahi kukanyaga mtaa huu, lakini nyumba zetu kazijenga yeye. Mimi hunitetemesha.

Wimbo ukaendelea.

Eleuterio alitupa jicho dirisha la ng'ambo. Jumamosi usiku alisimama chini yake na gitaa la Chencho, aliloliazima akisingizia mjukuu. Mwanamke anayeimbiwa dirishani akimkubali mwimbaji huwasha taa, kila mtu anajua. Lakini alipofika ubeti wa pili woga ulimshika, akatimua mbio asijue kama taa iliwaka. Tangu hapo hana raha.

Mlango wa ng'ambo ukafunguka. Doña Casilda, yaani Bi Casilda, mshona nguo mwenye dirisha lile, akavuka barabara hadi kijiweni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

— Habari za asubuhi, mabwana.

— Njema, Doña.

— Nina swali moja. Jumamosi niliwasha taa, nikachungulia, sikuona mtu. Alikuwa nani?

Chencho akamtazama Askofu. Askofu akainua mabega. Eleuterio aliinamia kahawa yake.

— Sawa. Leo nitaiwasha mapema. Aje amalizie ubeti wake.

Akarudi zake. Redioni mzee alikuwa anavuta ile noti ya mwisho, ndefu, haikatiki. Eleuterio aliisikiliza mpaka ikaisha, kisha akakohoa.

— Chencho, mjukuu wangu analitaka tena lile gitaa.