Jina la Mama Ambalo Gazeti Halikuliandika

Baba Paroko, viongozi wenzangu, majirani wa Kumsenga nanyi mliotoka Kasulu, mimi ni Venanti, diwani wenu, mdogo wake marehemu. Karatasi ya wasifu mliyo nayo ilichapwa jana kwenye mtambo wa gazeti lake mwenyewe, lakini penye mahali pa kuzaliwa na jina la mama imekosea, basi nifuateni ninavyosoma mimi.

Ildefonsi Bazilio alizaliwa tarehe 9 Juni 1967, si Kumsenga, ni Ruyigi, Burundi, mtoto pekee wa mzee Bazilio na mama Niyubahwe, aliyefariki Mei 1972 wakikimbia mauaji kwa miguu, akazikwa kando ya njia bila msalaba. Mama yangu Epifania, aliyeolewa na baba baadaye, alimlea kama wa tumbo lake, na uraia tuliupata kihalali mwaka 1983.

Alisoma shule ya msingi Kumsenga, 1975 hadi 1981, na sekondari Kasulu hadi 1985, akarudi kumsaidia baba biashara ya maharage, iliyoanza na baiskeli moja ikafika malori sita, ikatuletea jina, na maneno ya watu pia. Tarehe 20 Agosti 1994 alifunga ndoa na Claudine, wakajaliwa watoto watatu, na mwaka 2003 akaanzisha gazeti la Habari za Milimani, ambalo halikumwachia kiongozi usingizi, hata mimi lilinisema.

Mwaka 2010 nilipogombea udiwani tuliitwa wakimbizi, nami nikamwomba, narudia, mimi ndiye niliyemwomba, akaandika ukurasa wa kwanza kwamba sisi ni tumbo moja, wazaliwa wa hapa hapa. Nikashinda. Tangu hapo, kila Novemba familia ilipopeleka parokiani majina ya marehemu wa kuombewa, la Niyubahwe halikuwemo, na kaka alikaa kwenye benchi ameinamisha kichwa, nami nikatazama pembeni.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024, akalazwa Kasulu, kisha Kigoma, alikofariki Jumanne tarehe 4 Machi 2025, akiwa ameniachia ombi moja, kwamba leo nimtaje mama yake. Wapo ndugu waliotaka tunyamaze hadi uchaguzi wa Oktoba upite. Miaka kumi na mitano nimekalia kiti hiki cha udiwani kwa kulificha jina la mama wa mtu, inatosha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi, wafanyakazi wa gazeti, na fundi Cadet, aliyekubali asubuhi hii kuuandika upya msalaba wa kaka, jina la mama yake liwemo.

Pumzika kwa amani, kaka, mwana wa Niyubahwe.