Ilifunguliwa kwa Bisibisi

Ndugu zangu, nimesimama hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza, mama yangu, yule pale benchi ya tatu, amenifinya. Ya pili, Jumapili iliyopita mmoja wenu alisimama hapahapa akasema kompyuta yangu iliponywa kwa maombi, na mkapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma kule karibu na mlango, nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Msianze kuguna. Sijaja kugombana na Mungu. Nimekuja kusema ilivyokuwa, tangu mwanzo, kisha kila mtu aamue mwenyewe. Na hicho kitu kilichofunikwa kitambaa cha bluu hapa mezani, ambacho mzee wa kanisa amekikodolea macho tangu wimbo wa kwanza, ndiyo yenyewe. Ndiyo, nimeileta kanisani.

Wengi wetu hapa tumetoka Gatumba. Sihitaji kuwaambia mafuriko yalivyotuingilia majumbani. Nilipofika mwaka wa mwisho wa usanifu majengo, nilichagua mada moja tu: nyumba ya Gatumba ambayo maji yakija inabaki imesimama na watu wake ndani. Niliwaahidi walimu filamu. Unaingia mlangoni, unapanda ngazi, unatazama nje, na maji yanaanza kupanda. Bila filamu ile, mada yangu ilikuwa karatasi kama karatasi nyingine.

Sasa, kompyuta ya kawaida haiwezi kuchora maji. Kila tone linataka hesabu yake. Kwa hiyo nilitafuta ya mtumba, zile zinazotengenezwa kwa ajili ya wacheza michezo, kwa sababu zina kadi kubwa ya picha, ile mafundi wanaita carte graphique. Vitufe vyake vya herufi vinawaka taa nyekundu. Nyinyi mkasema hizo ni taa za shetani. Dada mmoja wa kwaya akaniuliza, "Mashine ya michezo, na wewe ni mtu wa chuo?" Nikamjibu, "Dada, gari la mashindano nalo linaweza kumpeleka mgonjwa hospitali." Hakucheka. Hata leo naona hacheki.

Hesabu ya maji inachukua siku nzima. Asubuhi naiwasha, naiacha mezani ifanye kazi, naenda chuo. Nikirudi naikuta imezimika, ya moto kama pasi. Na nikiwasha kuona imefika wapi, ni palepale kila mara: maji yanapofika dirishani. Nikikaa nayo mwenyewe, feni zinanguruma, joto linapanda mpaka nyuzi tisini na saba, picha inakatikakatika, kisha giza.

Mama akasema, "Unaona? Mungu hataki uyaone tena hayo maji."

Mkaja wanne nyumbani, mkaiwekea mikono, mkaipaka mafuta. Tone moja likaingia ndani. Herufi ya P inanata mpaka leo, nawaambia ukweli.

Nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta mjini. Akaitazama kwa juu, akaigeuza mara moja. "Carte graphique imeungua. Tafuta ingine."

"Umeifungua?"

"Apana. Mi naona tu. Naona tangu zamani."

Nikamuuliza mtu anaonaje kupitia plastiki. Akaniambia msichana mwenye maswali mengi hivyo aitengeneze mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanguka, ndugu zangu. Nilijaribu chupa za barafu chini yake, nikalowesha meza na daftari. Nikamwandikia mwalimu wangu kwamba filamu haipo. Akajibu kwamba basi nibadilishe mada, nisubiri kundi linalofuata. Nikaacha kwenda chuo. Nililala mchana kama mgonjwa. Mama alikuwa akisimama mlangoni na sahani: "We mutoto, kula kidogo." Siku moja nikamwambia neno ambalo nitalijutia hadi nife. Nilimwambia, "Imani yenu hii ndiyo iliyotuacha ndani ya maji." Nilimwambia hivyo mtu aliyetoka Gatumba maji yakiwa kifuani, na kichwani amebeba vitabu vyangu.

Aliweka sahani akaenda kufuma vitambaa vyake.

Wiki hiyo nilitoka nyumbani, naenda popote, nikajikuta Buyenzi kwenye magereji. Teksi moja ilikuwa inatoa mvuke, na fundi wa rejeta alikuwa anamfokea dereva: "Umeweka kartoni mbele ya rejeta, halafu unasingizia injini!" Nilisimama. Mimi nikisikia jambo siwezi kupita bila kuuliza.

"Fundi, gari likichemka unaanza wapi?"

"Kwenye hewa. Inaingilia wapi, inatokea wapi. Injini inaonewa sana."

"Na kompyuta?"

"Kompyuta mi sijui. Iko na feni?"

"Mbili."

"Na rejeta?"

"Sijawahi kuifungua."

Alicheka mpaka akaweka spana chini. Akamwita jirani yake anayetengeneza redio na amplifaya: "We, kuja uone! Mutu wa université! Anauliza kila kitu, lakini tumbo ya mashine yake hajaiona!"

Niliaibika. Nasema kweli, niliaibika vizuri. Mimi ninayeuliza kwa nini sadaka inatolewa mara mbili, kwa nini mahubiri yanarudiwa, nilikuwa nimemwamini fundi wa mjini kuhusu kitu ambacho yeye hakukifungua wala mimi sikukifungua.

Kesho yake nikaipeleka kompyuta pale gereji. Mtu wa redio akanyoosha mkono achukue bisibisi. Nikasema hapana, ninafungua mimi. Yule wa rejeta akasema, "Haya, mademoiselle, pasua, sisi tutashika taa."

Skrubu kumi na mbili. Kifuniko kikatoka. Ndugu zangu, nilitegemea vumbi. Pembeni mwa feni kuna vibati vyembamba vilivyopangwa kama rejeta ndogo, na vyote vilikuwa vimezibwa na kitu kinene, laini, kilichoshonana kama blanketi. Mtu wa redio akakivuta kwa koleo. "Hii ni nini? Sweta?"

Kilikuwa cha bluu.

Nyinyi mnazijua nyumba zetu. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, mtungi wa maji una kitambaa. Kompyuta yangu nayo ilifumiwa chake. Kila jioni niliporudi niliikuta imefunikwa. Nilikitoa kwa mikono yangu hii, nikakiweka kitini, kisha nikakaa chini kujiuliza kwa nini mashine inachemka. Kila siku! Nimesoma miaka yote hiyo, na kitambaa sikukiona, kwa sababu kila kitu kwetu kinavaa kitambaa.

Tukasafisha. Dawa ya kupitisha joto juu ya kadi ilikuwa imekauka kama chaki, tukaikwangua. Mtu wa redio akanipa nyeupe anayotumia kwenye amplifaya, nikapaka kidogo, nikafunga. Nikawasha palepale gereji, nikaendeleza hesabu kutoka kidogo kabla ya dirisha. Nyuzi sabini na nne. Maji yakafika dirishani, yakapita dirishani, na picha ikaendelea. Yule wa rejeta akasema "Alhamdulillahi," na mimi, mbishi wenu, nikasema amina.

Nilirudi nyumbani na ule uzi ndani ya bahasha. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilitaka kushinda. Nikamwaga uzi mezani.

Mama akaushika. "Huu ni uzi wangu."

"Ulikuwa ndani ya feni."

"Ile kompyuta yako ya kwanza ilikufa na matope ya Gatumba," akasema. "Hii nikasema hata vumbi haitaigusa. Unaenda chuo unaiacha wazi, inafanya kazi peke yake kama yatima. Kumbe nilikuwa naifunga pua." Kisha akanitazama. "Na wewe? Ulikuwa ukikitoa kila siku. Haukuniambia kitu?"

"Sikujua."

"We? Haukujua?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Hotuba yangu ikaishia hapo. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha kwa lile neno. Kuhusu leo, nilimwomba ruhusa niyaseme haya. Akasema, "Sema, lakini useme pia kwamba kitambaa kilikuwa kizuri." Kilikuwa kizuri.

Nilimwandikia tena mwalimu, akanirudishia tarehe yangu. Siku ya kutetea kazi, mwalimu mmoja wa jopo aliuliza, "Mademoiselle, maji mpaka dirishani? Haujazidisha?" Nikamwambia, "Alama ya matope bado iko ukutani kwetu kule Gatumba. Nilipima mwenyewe." Nimefaulu.

Basi nawashukuru mafundi wawili wa Buyenzi, ambao hawapo hapa na hawasali nasi. Nawashukuru dada zangu mlioweka mikono. Mlitembea juani kuja kwetu, na hilo silisahau. Lakini msiseme tena kwamba iliponywa. Humu mnalipenda sana neno kufunguliwa. Haya, ilifunguliwa. Kwa bisibisi. Na mimi nilifunguliwa siku hiyohiyo. Ombeni, siwakatazi, ila mkishasema amina, fungueni mtazame ndani. Na mtu wa maswali kama mimi, kabla hujauliza dunia nzima, uliza kile unachokiondoa kwa mkono wako kila siku.

Mzee wa kanisa aliniambia mlangoni nisiwaonyeshe filamu, kwamba watu wa Gatumba wamelia inatosha. Mzee, nakuheshimu, na ninakataa. Mara ile maji yalitukuta hatukuyatazamia. Safari hii tuyatazame sisi, yapande mpaka dirishani, na tuone nani amebaki juu.

Mama, inuka. Kitambaa ni chako, kitoe wewe.