Mtunza Kumbukumbu Asiyefuta Kitu Peke Yake

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, Bi. Nevzeta Softić anakamilisha miaka ishirini na sita na miezi minne ya utumishi katika ofisi yetu, na saa tisa alasiri atakabidhi ufunguo wa chumba cha kumbukumbu. Anayekabidhiwa ni mimi. Mkurugenzi wetu, Bwana Enver, ameniagiza niandike ukurasa wa kuchangamsha kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Nimejitahidi, na kila tarehe iliyomo humu nimeihakiki mara mbili kwenye daftari la Bi. Nevzeta.

Alianza kazi tarehe 1 Februari 1999, akitokea kiwanda cha viatu kilichokuwa kimefungwa, ambako alikuwa mpokea simu. Wakati huo shirika letu la kutegua mabomu ya ardhini lilikuwa makontena mawili, jiko la kuni, na kompyuta moja ya msaada ambayo kibodi yake haikuwa na baadhi ya herufi zetu. Aliajiriwa kupiga chapa. Katika wiki ya pili kompyuta iligoma, na wanaume watatu wakaanza kubishana nani aipige kofi. Bi. Nevzeta aliwaomba watoke nje wakavute sigara, akafungua kitabu cha maelekezo, na kufikia saa ya chakula cha mchana ikawa inafanya kazi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa bila ruhusa yake.

Kazi kubwa ya maisha yake imekuwa michoro. Baada ya vita, watu waliotega mabomu walianza kuleta michoro ya mahali walipoyatega, mingine kwenye karatasi za daftari la shule, mingine nyuma ya ankara, na mmoja, ambao bado tunao, kwenye boksi la sigara. Walitoka pande zote zilizopigana. Bi. Nevzeta aliwapokea wote, akawapa kahawa wote, na hakumuuliza yeyote swali lolote isipokuwa moja: “Kaskazini ni wapi hapa?” Ameskani michoro 6,812. Vikosi vyetu havikanyagi mahali popote mpaka vipate ramani ambayo kompyuta huichora kutokana na michoro anayoitunza yeye.

Wafanyakazi wa uwandani humwita Mama Nevzeta na humtania kuliko mtu mwingine yeyote. Siku alipotimiza miaka hamsini na moja walifunga kwenye kabati la kompyuta utepe mwekundu na mweupe, ule wa kuzungushia mashamba yenye mabomu, pamoja na kibao chenye fuvu la kichwa. Walidhani ataving'oa. Akaviacha, akasema ndiyo mara ya kwanza wamempa zawadi inayofaa.

Chanzo cha utani huo kilikuwa makapi ya masasisho. Kompyuta kila inaposasishwa huacha folda kwenye saraka ya mfumo, yaani ile sehemu ya diski ambamo mfumo wenyewe unaishi. Folda hizo hujaza nafasi mpaka kazi inakwama, na kila mtu anataka zifutwe upesi. Bi. Nevzeta alizifuta kwa utaratibu aliouona uwandani. Hufanyi peke yako: mmoja anashika kipanya, wa pili anasoma majina kwa sauti. Unaandika kwanza, ndipo unagusa. Kilicho kigeni kwako hakiondolewi siku ile ile ulipokiona.

Nilipofika miaka miwili iliyopita alinifundisha hayo mpaka nikawa nayaota. Masasisho yaliyopakuliwa na kwisha kutumika: zima kwanza huduma ya masasisho, futa yaliyomo ndani, folda yenyewe iache, kisha washa huduma. Folda zilizofichwa ambazo majina yake huanza na alama ya dola: ziache mpaka kompyuta iwashwe upya na kufanya kazi wiki nzima bila manung'uniko. Ghala la vipengele vya mfumo, ambalo ni kubwa kuliko zote na linatamanisha kweli: usiliguse kwa mkono kamwe, liachie chombo cha usafishaji cha mfumo wenyewe.

Zdenko Barišić, kiongozi wa kikosi cha pili, aliwahi kusimama mlangoni akimwangalia.

“Mama Nevzeta, bado unazibembeleza hizo folda? Sisi tumeshatoa mabomu manne tangu asubuhi.”

“Wewe ukikosea, Zdenko, unajua palepale,” alimjibu bila kugeuka. “Mimi nikikosea, unajua wewe.”

Zdenko alicheka. Mimi sikucheka. Nimelibeba neno hilo tangu siku ile kila ninapowasha kompyuta.

Sasa niseme juu ya Ijumaa ya tarehe 18 Oktoba mwaka jana, ambayo Bwana Enver amesema niitaje kwa kifupi. Kwa kifupi siwezi.

Bi. Nevzeta alikuwa likizo ya ugonjwa, amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Tarehe 10, akiwa hospitali, fundi kutoka Sarajevo alikuja kuiweka kompyuta ya kumbukumbu kwenye mfumo mpya. Alifanya kazi yake sawasawa. Lakini Ijumaa hiyo ya tarehe 18 asubuhi diski ilikuwa imejaa, mstari wake mwekundu mpaka mwisho, na programu ya ramani ikakataa kufunguka. Kikosi cha Zdenko kilikuwa kinasubiri ramani ya shamba la plamu la mzee Ragib, kule Podgaj, ili kikapige hema mchana huo na kuanza kazi Jumatatu.

Nilitafuta kilichokula nafasi, nikakuta folda moja ya gigabaiti thelathini na moja. Ulikuwa mfumo wa zamani wote, uliowekwa kando na mfumo mpya.

“Si takataka hizo?” Bwana Enver aliuliza kutoka mlangoni. “Zifute, Mersiha. Watu wako nje na injini inanguruma.”

Nilifungua chombo cha usafishaji. Niliweka alama kwenye kisanduku cha mfumo wa zamani. Kilibaki kitufe kimoja cha kubonyeza. Ninaandika hili kwa sababu Bi. Nevzeta analijua na hajawahi kumwambia mtu: alama ilikuwa imeshawekwa. Ndipo nikampigia simu.

“Nani yuko na wewe hapo?” aliuliza, kabla hata sijamaliza.

“Niko peke yangu, mama.”

“Toa mkono kwenye kipanya. Nakuja.”

Shemeji yake alimleta kwa gari, jicho limefungwa pamba, daktari amemkataza kuinama. Alikaa kwenye kiti changu cha wageni na kuniambia nimsomee. Tulianza na masasisho yaliyopakuliwa, kwa utaratibu ule ule, tukapata gigabaiti kumi na moja. Programu ya ramani ikafunguka. Nilichapa ramani ya Podgaj, yenye mstari mmoja wa mabomu upande wa juu wa shamba, Zdenko akaichukua, na saa nne na nusu gari likaondoka. Nilishusha pumzi. Nilidhani tumemaliza.

“Ile folda kubwa,” alisema. “Leo ni siku ya ngapi tangu fundi aje?”

“Ya nane.”

Akaniambia jambo nililokuwa sijui. Mfumo huutunza mfumo wa zamani siku kumi tu, endapo utahitajika, halafu huufuta wenyewe bila kumuuliza mtu. Siku ya kumi ilikuwa Jumapili. Ofisi ingekuwa imefungwa, na kompyuta ya kumbukumbu haizimwi. Kwa hiyo kufuta kulikuwa hatari, na kuacha vilevile kulikuwa hatari. Tulichomeka diski ya nje, tukaanza kunakili kila kitu. Ilichukua karibu saa mbili. Wakati inanakili nilisoma majina, folda moja baada ya nyingine, naye akijibu: “Hiyo ya printa. Hiyo ya mfumo. Hiyo naijua, endelea.”

Ilikuwa inakaribia saa saba nilipotaja jina ambalo aliniomba nilirudie. Nilimtazama. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

“Fungua,” alisema.

Ilikuwa folda ya programu ya kuskania ya kwanza kabisa, ya mwaka 2001. Programu ile ilihifadhi picha zake ndani ya saraka ya mfumo, pasipotakiwa kuwekwa kitu, na miaka yote hiyo programu ya ramani ilikuwa ikizichota humo kimyakimya. Fundi alipoweka mfumo mpya, saraka ya zamani ilihamishiwa kwenye folda kubwa pamoja na michoro 214. Programu ya ramani ilipoikosa haikulalamika. Ilichora yaliyokuwamo kwenye michoro mingine, na kwingine kote ikakuacha peupe.

Niliufungua mchoro wa Podgaj. Ulikuwa na mistari miwili. Wa pili ulipita kwenye mtaro mkavu, upande wa chini wa shamba, penye nyasi tambarare, mahali ambapo ramani niliyoichapa kwa mkono wangu ilionyesha peupe, na ambapo mtu yeyote mwenye akili angechagua kupiga hema.

Simu ya Zdenko haikupatikana. Bondeni kule hakuna mtandao. Bi. Nevzeta alipiga simu ya mezani ya mzee Ragib, nami nilisikia yote kwa sababu mzee huyo husema kwa kupaza sauti.

“Ragib, vijana wako wapi?”

“Mtaroni, wanapiga hema. Nawachemshia kahawa hapa, nataka niteremke nayo.”

“Usiteremke. Ragib, sikiliza, usitoke uani. Nenda barazani, piga kelele wasimame walipo.”

“Nipige kelele? Nitasemaje?”

“Sema Nevzeta kasema wasimame. Na usikate simu.”

Tulisikia mkono wa simu ukiwekwa mezani, mlango, halafu sauti yake mbali, mara tatu. Kisha hapakuwa na kitu cha kusikia. Bi. Nevzeta alishika simu sikioni dakika kumi na moja. Nilihesabu kwa saa ya ukutani, maana sikuwa na kitu kingine ninachoweza kufanya.

Ragib aliporudi alisema: “Wamesimama kama sanamu. Zdenko anauliza wafanye nini.”

“Warudi wakifuata nyayo zao wenyewe. Mtu asiokote hata nyundo.”

Walikuwa watu watatu. Ilichukua dakika thelathini na tano, na walitoka wote. Zdenko alinieleza baadaye kwamba hakuuliza sababu, kwani kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia Mama Nevzeta akiwaharakisha wala akiwasimamisha. Tarehe 29 Oktoba bomu la kwanza lilipatikana mtaroni, hatua mbili kutoka kilipokuwa kigingi cha hema.

Daftari la kumbukumbu la siku ile lina maandishi haya, mkono wake, herufi kubwa kubwa kwa sababu ya jicho: “Folda ya mfumo wa zamani haikufutwa. Michoro 214 imepatikana. Kosa la mahali pa kuhifadhi ni langu, Machi 2001. N.S.” Bwana Enver alitaka sentensi ya tatu ifutwe; alisema haina haja, mwaka 2001 nani angejua. Bi. Nevzeta alimwambia: “Iache, mkurugenzi. Atakayekaa hapa baada yangu ajue kosa lilikuwa wapi, asipoteze muda kulitafuta kwingine.”

Majira ya baridi yote tulihakiki michoro ile 214, mmoja mmoja, na kuihamishia mahali pake panapostahili. Ramani nyingine mbili zilibadilika. Mwezi Machi, kila mmoja wetu alipokuwa amefanya kazi zake zote angalau mara moja bila kukosa kitu, tuliifuta nakala ya mfumo wa zamani. Siku hiyo Zdenko alikuja bila kuitwa, akavuta kiti, akasema yeye ndiye atakayesoma majina.

“Hii nayo inaitwaje? Jina kama dawa ya panya!”

“Soma, usitafsiri,” alisema Bi. Nevzeta, aliyekuwa amekaa pembeni na mikono yake mapajani. Kipanya kilikuwa mkononi mwangu.

Tarehe 14 Mei shamba la Podgaj lilikabidhiwa kwa mwenyewe. Katika kazi yetu, kabla mwenye shamba hajakanyaga, kikosi kilicholisafisha hulitembea kwanza, wote, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mbele ya macho yake. Watu wa ofisini hawamo katika desturi hiyo. Bi. Nevzeta aliomba aongezwe kwenye mstari, akisema kama karatasi zake ni za kuaminika, basi naye atembee pale zinaposema ni salama. Kisha akanishika mkono na kuniambia nami niende.

Sikutaka kwenda. Nililisema hilo kwa sauti na Zdenko akanicheka, si kwa ubaya. Tulishuka kati ya miti ya plamu, matunda yakiwa bado mabichi madogo kama kunde, hadi mtaroni. Nilikuwa nyuma yake, nikiweka mguu pale pale alipouinua yeye. Katikati ya mtaro aligeuka, akaona ninavyofanya.

“Pita pembeni, Mersiha,” alisema. “Mchoro wa hapa tuliusoma wote wawili.”

Nikapita pembeni. Nyasi zilikuwa ndefu, zimelowa umande, na hazikuwa na alama ya mguu wa mtu. Nilitembea juu yake mpaka ng'ambo, ambako mzee Ragib alikuwa amesimama ameshika kofia yake mkononi, akisubiri zamu yake.

Bi. Nevzeta, wafanyakazi wenzako wote, wa ofisini na wa uwandani, wanakushukuru. Pumzika, utunze jicho hilo, na kahawa yako uinywe taratibu. Maisha mema na marefu yawe nawe popote utakapokanyaga.

Mersiha Talić
Karani, chumba cha kumbukumbu