Bwana Gaspar Kamugisha, Aliyeilinda Homa ya Fundi Sadallah

Baada ya miaka ishirini na minane katika hospitali yetu ndogo ya Chang'ombe, Bwana Gaspar Kamugisha, dresa mkuu wa wodi ya wanaume, anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 1956. Nimeombwa niandike mimi, Hamisa wa wodi ya wanawake, kwa sababu nimefanya naye kazi muda mrefu, na kwa sababu, wanasema, ulimi wangu haujui kupumzika. Haya basi, wamejitakia.

Alitoka Bukoba akiwa kijana mwembamba, na sanduku la bati na maneno mengi ya kuzisifu ndizi za kwao. Sie watu wa pwani tulimfundisha kula wali wa nazi. Yeye akatufundisha kunawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alianza kwa kuosha chupa, akapanda kufunga vidonda, kisha kupiga sindano, mpaka akawa mtu ambaye Daktari Albano humwulizia kwanza kila asubuhi. Mashuka ya wodi yake yalinyooka hata wagonjwa waliona vibaya kujigeuza.

Ila homa na yeye hawakupatana kamwe. Ndiyo maana Chang'ombe nzima ilimwita Bwana Kwinini. Ukipiga mwayo mbele yake, mkono wake umekwisha fika kwenye paji la uso wako. Mleta barua alikuwa akizitupia bahasha dirishani na kukimbia. Bi harusi mmoja wa Temeke, aliyekuja kumwamkia shangazi yake aliyelazwa, alinyweshwa kwinini na mapambo yake yote mwilini, kumbe jasho lenyewe lilikuwa la jua tu. Mpaka leo shangazi yule akiniona hucheka kwanza, salamu baadaye.

Ndipo akaletwa fundi Sadallah, mshona nguo wa Temeke. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeota vinundu vya rangi ya zambarau, saratani ya ngozi ya aina ambayo Daktari Albano hakuwahi kuiona zaidi ya mara chache. Hospitali kubwa ya mjini ilishauri mguu ukatwe. Fundi alilia kama mtoto. Mguu ule ndio uliokanyaga cherehani. Watu walimwambia zipo cherehani za mkono; akawauliza, mkono mmoja ukizungusha gurudumu, kitambaa atakishika nani?

Daktari akapendekeza kitu kingine. Alikuwa na dawa ya sindano iliyotengenezwa kwa vijidudu vilivyokwisha kuuawa. Alitueleza kuwa mwili wa fundi ulikuwa umevizoea vile vinundu kama jamaa wa nyumbani. Sindano ingeushtua, ungepandisha homa na kuwaamsha askari wake wote, na huenda askari hao wakavigeukia na vinundu. Kwa hiyo homa iachwe ipande. Bwana Gaspar alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa.

Ameelewa wapi! Sindano ya kwanza ilipigwa asubuhi; homa ilipoanza tu kupanda, akampa fundi kwinini na asprini na kumfunika vitambaa vya maji. Daktari aliporudi alimkuta mgonjwa amepoa, anamwombea dua dresa wake. Wodi nzima ilifurahi isipokuwa daktari. Hakufoka. Alisema tu kwamba Gaspar ameuzima moto chakula kikiwa kibichi, na kwamba dawa iliyobaki ingetosha kujaribu tena mara moja tu. Ikishindikana, fundi atapelekwa mjini akakatwe.

Siku ya sindano ya pili Bwana Gaspar alinijia mapema, akanikabidhi ufunguo wa kabati la dawa. Akaniambia hata akilia nisimpe. Nikaufunga kwenye pindo la khanga.

Homa ikapanda, jamani, ikapanda hata kitanda kikatetemeka. Mwanakombo, mkewe fundi, akaja na jamaa zake, beseni la maji na majani ya mwarobaini ya kumfukiza mgonjwa. Mlangoni wakamkuta nani? Bwana Kwinini mwenyewe, amenyoosha mikono, anawasihi waiache homa ifanye kazi yake! Mwanakombo alimwuliza kama alizaliwa na mama au aliokotwa. Bwana Gaspar akarudi kitandani kumshika fundi mapigo ya moyo na kumpima joto, maana daktari alikuwa amemwachia kipimo ambacho homa isikivuke. Mchana ulipokuwa mkali alinijia, macho yamejaa machozi, akanyoosha mkono. Nilikataa. Nawaambieni, sijapata kumfanyia mtu ninayempenda jambo gumu kama lile. Akageuka, akarudi kukaa na homa yake.

Alasiri homa ikashuka yenyewe. Daktari akaagiza dawa zaidi, sindano zikaendelea, na Gaspar akaendelea kukaa. Polepole vinundu vikalainika, vikasinyaa, vikakauka. Siku daktari alipotangaza kuwa mguu hautakatwa, Mwanakombo alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wangu wakaitikia, na bakuli la kwanza la ubwabwa alimletea yule aliyemwita mtu wa kuokotwa.

Si wote waliopona. Wagonjwa wawili waliokuja baadaye walipata dawa ile ile na haikuwafaa, na Bwana Gaspar alikwenda kuwazika wote wawili. Daktari Albano anasema bado hatujui kwa nini mwili mmoja huamka na mwingine hulala. Lakini kila aliyelala kwenye kitanda kile alikuwa na mtu wa kukaa naye.

Jumamosi tutakula, tutacheka, na mleta barua ameahidi kuingia mpaka ndani. Fundi Sadallah amemshonea Bwana Gaspar koti zito la baridi ya Bukoba, lenye mfuko wa ndani unaotosha chupa ya dawa. Tulitaka kutuma mtu akalichukue, fundi akakataa. Atalileta mwenyewe kutoka Temeke, kwa miguu, yote miwili.

Bwana Gaspar, ahsante kwa kila paji la uso ulilolishika, hata yale yasiyokuwa na kitu. Mungu akupe afya, ndizi tele na wajukuu wasiokimbia mkono wako. Na ukishikwa na homa huko kwenu, kunywa kwinini yako tu, ndugu yangu. Safari hii huhitaji kuniomba ufunguo.